Profesa na Sanduku la Simu

Profesa hakuwahi kufundisha hata chekechea, lakini watu wakikuita Profesa nawe umevaa tai, utakataa ili iweje? Siku hiyo alikuwa kwa kinyozi, anasubiri zamu, akamsikia fundi cherehani akijieleza kitini. Mkewe alikuwa amemfuma mara ya tatu na video za uchi. Amebeba mtoto, kaenda kwa dada yake.

"Kanipa mwezi mmoja," fundi akasema. "Nisipoacha, anataka talaka."

Mwingine angemtazama usoni. Profesa alitazama simu aliyoshika fundi: mpya, haina hata mkwaruzo.

"Pole, ndugu yangu. Hayo ni maradhi, yamo kwenye damu."

"Maradhi? Mimi nilidhani ni mazoea tu."

"Mlevi naye husema hivyo hivyo, chupa mkononi! Dawa ni kutenganishwa. Siku thelathini, simu inalala sandukuni kwangu. Na neno la siri uniachie, niisafishe kwa ndani. Bure kabisa. Mimi natafuta thawabu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Fundi akatoa simu.

Na kinyozi alivyo kinyozi, wiki haikuisha sanduku likawa na simu kumi na saba: ya mhasibu, ya mwalimu, hata ya mzee mmoja aliyeapa kuwa ile ni ya mjukuu wake. Profesa akapata mnunuzi wa zote. Gari lingepita siku ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi, naye angepanda humo humo, kwaheri ya kuonana.

Ila mfanyabiashara makini hukagua bidhaa. Akafungua moja, aone betri. Lo! Akafungua ya pili, alinganishe. Siku ya tatu alisahau chai, ya tano hakuoga. Gari lilipofika, dereva alipiga honi mpaka majirani wakamtukana, akaenda zake. Profesa yuko ndani, macho mekundu, anajiambia, "Hii ya mwisho."

Kesho yake fundi akabisha hodi, akasukuma mlango.

"Profesa, nimeacha! Wiki ya kwanza mikono iliniwasha kama nimeshika upupu. Ya pili nikaanza kumshonea binti yangu gauni. Ya tatu nikasahau. Mama watoto karudi jana! Nimekuja kukushu..."

Kitandani simu kumi na saba, zote kwenye chaji, na Profesa katikati yake.

"Ndugu yangu," Profesa akasema, machozi yakimlenga, "kumbe ni maradhi kweli."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni mazoea, bwana. Magumu, lakini yanavunjika. Ukiyavunja peke yako ndipo yanakushinda. Lete na simu yako, twende dukani kwangu. Au unataka kuwangoja wenzangu kumi na sita? Wako njiani."

Profesa alitangulia mlangoni.

Sasa anakaa kibandani kwa fundi, anapinda suruali, kidole kimetobolewa kila upande. Mke wa fundi ndiye msimamizi, na hana mzaha. Siku ya tisa Profesa alimaliza pindo moja lililonyooka, akalitazama sana, roho ikamsuta.

"Shemeji," akasema polepole, "nikwambie ukweli. Mimi ni tapeli."

"Tunajua," mama akajibu, akimsogezea suruali nyingine. "Hilo nalo ni mazoea. Shona."