Nusu Yangu ya Timbo

Jumatatu, 4 Aprili 1966

Alhamdulillahi, leo limeamuliwa. Sasa kila mtu ajue kazi yake.

Ni lile timbo la wakfu, nyuma ya mtaa wa Majengo. Babu zetu walichimba mawe pale wakajenga nusu ya mtaa wetu wa Kibokoni, kisha wakatuachia shimo jeupe lisilofuga ila mbu. Marehemu baba ndiye aliyekuwa msimamizi wake mpaka anakufa, na mimi ndiye mwanawe wa pekee. Ningedhani maneno yameishia hapo. Hasha! Sheikh Aidarus, mkubwa wa wazee, amesema usimamizi haurithiwi kama kanzu. Mivinje waliyoipanda wazee imeshika, lakini chini ni mwamba mtupu. Basi wamelikata timbo mara mbili kwa mstari wa mawe. Atakayeotesha nyasi upande wake kabla ya Maulidi, ndiye atakayelishika lote.

Nusu yangu mimi. Nusu ya pili ya Sheikhan.

Sheikhan! Kaka wa mke wangu! Mtu ambaye hata kulala humchosha. Baba, tulia kaburini, jambo limekwisha.

Ijumaa, 15 Aprili

Hila yangu ni nyepesi: usafi. Usafi ni katika imani, na baraka haziteremki penye taka.

Kila nikitoka kusali alfajiri, nakwenda timboni na ufagio wangu wa chelewa. Hii mivinje haina adabu, yamwaga majani kama paka amwagavyo manyoya. Nafagia mpaka mwamba wang'aa. Taka zote nazirusha ng'ambo ya mstari, kwa shemeji. Si uchoyo. Nataka wazee wauone uvivu wake kwa macho yao.

Leo nimemkuta kajinyosha juu ya mkeka, majani yamemjaa kifuani. Nikamtolea salamu. Kaitikia bila kufumbua macho, kisha kaniuliza, yakhe, wamfagilia nani, majini? Nimemsamehe. Ni Ijumaa.

Jumamosi, 30 Aprili

Masika yameingia, na majongoo yamefuata. Meusi, manene, yanatambaa kama gari moshi la Nairobi. Upande wangu hayakai, maana hayapati jani la kutafuna, lakini kule kupita kwenyewe ni najisi. (Nimemuuliza imamu. Kasema jongoo si najisi. Bado namfikiria.)

Nayaokota kwa kijiti, nayatia pakachani, nayamwaga kwa Sheikhan. Ayalee!

Mwanatumu, mke wangu, kaniuliza mbona pakacha lake la mboga lanuka. Nikamwambia ni mambo ya wakfu. Kasema tangu azaliwe hajaona mtu mzima akimpiga shemejiye kwa majongoo, na nikirudi na moja kanzuni nitalala barazani.

Jumamosi, 14 Mei

Elimu ni bahari! Jirani yetu Nicodemus, Mkamba, karani wa ghala moja kule Shimanzi, kanieleza kwamba mti hula hewa. Tena hewa ileile iliyomo katika moshi! Waivuta, waifanya mbao na mizizi, na majani yakioza, udongo nao huweka akiba yake. Subhanallah. Nikamkatiza hapohapo, nikamshukuru, nikatoka mbio. Kumbe mivinje yangu ina njaa!

Nimekusanya majani ya siku nyingi, nikafanya chungu kubwa chini ya miti, nikatia moto. Kuleni, wanangu!

Miwili imebabuka. Halafu wakaja wanawake wa Majengo, nguo zao zilikuwa kambani. Mmoja kaniuliza, we mzee wa Kibokoni, wachoma timbo au watuchoma sisi? Mwengine kanionyesha shuka jeupe lililokuwa halijawa jeusi asubuhi.

Nicodemus kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema hayo majani niliyoyachoma ndiyo chakula chenyewe, mti ulishakipika, nami nakirudisha mbinguni. Hawa watu wa maofisi hupenda kulifanya gumu lililo jepesi. Majivu na majani yaliyosalia nimeyasukuma kwa Sheikhan.

Alhamisi, 9 Juni

Msiba. Kwa Sheikhan kumeota nyasi.

Chache, kama ndevu za kijana aliyebaleghe jana, lakini ni nyasi. Kwangu hata kigugu cha kusingiziwa hakuna. Nimemuuliza ametia nini. Kaniapia wallahi hajatia kitu, hajainua hata kidole. Nami namwamini, na hilo ndilo liniumalo.

Mwanatumu kasema labda nyasi hupenda kuachwa. Nikamwambia ndivyo anenavyo kakake pia. Nimeongeza kufagia baada ya Alasiri.

Jumamosi, 25 Juni

Wazee wamekuja. Nilivaa kanzu ya Idi, nikafukiza udi timboni.

Sheikh Aidarus kachoma bakora upande wangu. Tak! Kachoma tena pengine. Tak! Kasema, Abdulghafur, hapa mtu aweza kupakua pilau chini. Nikashukuru. Nilijua nimeshinda.

Kisha kaenda kwa Sheikhan. Bakora ikazama, ikasimama peke yake. Kainama, kateka udongo mweusi kwa mkono, kaunusa. Nyasi zilimfika kwenye vifundo vya miguu, na mbuzi wa watu alikuwa ameshakaribishwa. Wazee wakatazamana. Wakasoma Fatiha.

Limekwenda. Timbo la baba limekwenda kwa mtu wa mkeka. Nilijifanya nimeingiwa na mchanga machoni, ingawa kwangu mchanga wenyewe haupo.

Jumapili, 26 Juni

Sheikhan kaja asubuhi, na halua. Kasema timbo ni la baba yangu kabla ya kuwa lake, na hataki dadake asutwe. Kaniomba tulilinde pamoja, yeye na mimi, ila ufagio niuache nyumbani. Kanikumbatia. Nimelia, sioni haya kuandika. Kumbe ni mtu mwema, mvivu tu.

Na mtu mwema hulipwa wema. Jana niliona chini ya nyasi zake: majani yaliyooza, majongoo, majivu, aibu tupu, na Maulidi ni wiki hii, wageni watakuja. Nimeshanunua ufagio mpya, wa mpini mrefu, na reki ya chuma. Kesho baada ya alfajiri, kabla hajaamka, nitamsafishia upande wake wote mpaka mwamba uonekane.

Atafurahi mno.