Mbwa Aliyepona Kichaa Mara Tatu

Profesa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Jina hilo alilipata kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake havikukuza wala kupunguza kitu, na kwa jinsi alivyoweza kusema uongo kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Siku hiyo alikuwa kwenye duka la fotokopi, akisubiri mashine ipoe, alipomsikia mama mmoja akimlalamikia mwenye duka.

"Mbwa watatu wameletwa kwangu wiki hii, na wote nimewarudisha," alisema yule mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. "Nataka mlinzi, sitaki mgonjwa. Mbwa asiye na faili la afya haingii getini kwangu. Nione kila chanjo, kila dawa ya minyoo, na tarehe zake. Atakayeniletea mbwa wa namna hiyo nitampa ile pikipiki ya marehemu mume wangu. Imekaa tu chini ya turubai."

Masikio ya Profesa yalisimama. Mbwa hakuwa naye, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Mbwa wamejaa tele. Kilichotakiwa pale ni karatasi, na kwa karatasi Profesa alikuwa fundi.

Mbwa alimpata nyuma ya bucha, dume la rangi ya udongo, sikio moja limelala, naye akafuata kipande cha utumbo bila kuuliza maswali. Alimwogesha kwa sabuni ya kufulia, akampaka mafuta ya nywele, kisha akaketi kuitengeneza afya yake.

Ilikuwa kazi ya heshima. Alitumia kalamu ya bluu kwa mwaka wa kwanza, nyeusi kwa wa pili, na ya kijani pale alipojifanya daktari mwenye haraka. Kurasa za zamani alizidondoshea chai. Aliandika uzito wa mbwa kila mwezi, idadi ya meno, hata tabia: "Mpole. Hulala chumbani kwa mlezi wake." Fomu aliyoinakili ilikuwa na safu za ugonjwa, tarehe, tiba na matokeo, naye hakupenda kuona nafasi wazi. Akajaza zote. Kufikia jioni, mbwa wa bucha alikuwa na faili nene kuliko la waziri.

Kesho yake asubuhi waliketi barazani kwa Shangazi. Mbwa alijilaza sakafuni. Turubai lilionekana pembeni ya ukuta, na chini yake gurudumu moja likamchungulia Profesa kama mchumba.

Shangazi alisoma ukurasa baada ya ukurasa, akilowesha kidole.

"Mwanangu, umepanga vizuri. Sijawahi kuona faili kama hili."

"Mnyama ni amana, Shangazi. Usipoandika, utakumbuka nini?"

"Kweli kabisa. Hapa naona mwaka juzi alipata kichaa cha mbwa."

"Alipata," alisema Profesa, aliyedhani hilo ni jina la chanjo. "Tukamshughulikia mapema."

"Akapona."

"Matokeo hayo hapo, kwa kalamu ya bluu."

"Na mwaka jana akapata tena."

Profesa alisita kidogo. "Mara hiyo haikuwa kali."

"Na mwaka huu, mwezi wa pili."

"Ndiyo ya mwisho. Tangu hapo hajambo."

Shangazi alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mwanangu, nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Mbwa akishapata kichaa haponi. Huyu wako kapona mara tatu. Sasa hapa pana mambo mawili. Huenda faili hili ni la kughushi, na mtoto wa dada yangu ni polisi, atafurahi kulisoma. Au faili ni la kweli, na wewe umelala chumba kimoja na mbwa wa kichaa miaka mitatu. Ni lipi?"

Profesa alimtazama mbwa. Mbwa akapiga mwayo, kisha akamlamba mkono, pale pale penye mchubuko alioupata jana akimwogesha.

"Ni la kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilijua. Mtu mwaminifu anaonekana. Basi unahitaji sindano tano: leo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Dawa ipo kwenye friji. Geuka, ulegeze mkanda."

Ile ya kwanza aliivumilia kwa ajili ya pikipiki. Lakini usiku hakulala kwa raha, maana alikumbuka kwamba kweli hajui yule mbwa katoka wapi wala kala nini. Alikunywa maji, akaona koo limekaza. Siku ya tatu alifika kabla geti halijafunguliwa.

Shangazi akamweleza kuwa mbwa lazima aangaliwe kwa makini, na wa kumwangalia ni mlezi wake. Kwa hiyo Profesa akawa anamlisha, anamwogesha, na kufagia ua. Kwa kuwa yupo, akapaka rangi geti na kuzibua mfereji.

Siku ya ishirini na nane alikuta daktari wa mifugo barazani, akimchanja mbwa na kufungua faili jipya, ukurasa wa kwanza. Shangazi akamdunga Profesa ile ya tano, akaiweka chupa mezani.

"Sasa nimepona, Shangazi. Tuizungumzie pikipiki."

"Ile niliiuza zamani. Pale chini limebaki gurudumu tu."

Profesa alifungua mdomo, lakini daktari alikuwa ameshaichukua ile chupa na kusoma maandishi yake.

"Shangazi, hii si ile vitamini niliyokuachia? Ya ng'ombe wako wa maziwa?"

Profesa alisimama huku ameshika mkanda wake, akitafuta neno ambalo mtu aliyeghushi faili zima angeweza kulisema mbele ya mashahidi.

"Lakini hebu sema ukweli," Shangazi alimwuliza kwa upole, akimsogezea kiti. "Si umejisikia una nguvu?"

Profesa alifikiri. Alikuwa amezibua mfereji wote peke yake.

"Kidogo," alisema.