Nimemwitikia Mama Mkwe Marahaba

Wadau, leo sina pa kuuficha uso. Ngoja niwape kisa chote, maana kwenye grupu hili mke wangu hayumo.

Mnajua mie nafundisha hesabu huku Chang'ombe. Leo mchana mwenzangu kapata dharura, akaniomba nimshikie darasa lake la jioni, lile la watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Nikasema hamna neno. (Kiherehere changu.)

Saa kumi na moja nikaingia kwa mbwembwe. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba! Kaeni."

Wakakaa. Mmoja akachelewa kukaa, dawati la tatu, kajiziba mdomo kwa mtandio. Mama mkwe! Mama yake Neema wangu! Mtu ambaye nikimsalimia nainama hadi naziona kucha za miguu yangu, leo kanipa shikamoo na mie nimeipokea. Kwa sauti!

Nikageukia ubao haraka. Nikaandika: namba moja inachaguliwa bila kuangalia, kuanzia 10 hadi 99. Kuna uwezekano gani igawanyike kwa tatu?

"Jumlisheni tarakimu zake," nikasema. "Hamsini na saba: tano na saba ni kumi na mbili. Kumi na mbili inagawanyika kwa tatu, basi na hamsini na saba inagawanyika."

Tukazihesabu zinazogawanyika, zikawa thelathini. Safi. Namba zote je?

"Tisini na tisa toa kumi, themanini na tisa!" Nikaandika 30/89, nikaipigia na mstari. (Mistari miwili, jamani.)

Halafu mkono ukanyooka dawati la tatu.

"Samahani baba... eh, mwalimu. Hiyo kumi yenyewe umeitoa, na umesema tuanzie nayo."

"Eti?"

"Ziko tisini. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili: hapo moja inagawanyika. Tatu zinazofuata, moja tena. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Mie naona jibu ni theluthi tu."

Theluthi! Braza mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, mpishe mama chaki!" Darasa hoi.

"Umepatia, mama," nikasema. Shati limelowa.

Kipindi kilipoisha, wenzake wakatoka, yeye akabaki, macho chini.

"Usimwambie Neema, baba. Mie shule niliachia kidato cha pili, nikaolewa. Nikifeli, nataka nifeli peke yangu."

Akanipa daftari nimsahihishie. Kwenye jalada kaandika jina lake: Skolastika. Miaka minne mie mkwe wake, namjua kwa Mama Neema tu! Nikaweka tiki, nikaandika "Vizuri sana." Kisha nikainama kumuaga, naye akainama kumuaga mwalimu, vichwa vikagongana: ko!

Aliyeanza kucheka ni yeye.

Dharura ya mwenzangu haijaisha, kesho narudi palepale. Msinicheke, nisaidieni kusoma.