Kima Thelathini na Mmoja, Mafundi Cherehani Wawili

Ndugu Mkuu wa Hifadhi ya Msitu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako mwenyewe. Changu kimekaliwa na kima.

Ni jike mwenye ndevu nyeupe, mmoja wa wale thelathini na mmoja ambao bango lenu linasema ndio waliobaki duniani. Mwezi uliopita aliingia chumba changu cha kushonea kwa dirisha la upande wa msitu, akapanda juu ya cherehani, akanogewa. Askari wako wakaja mbio, nikashukuru. Kumbe hawakuja kumtoa yeye, walikuja kunitoa mimi! Wakafunga kamba, wakasema sheria ni mtu akae hatua kumi kutoka kwa kima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatua kumi kutoka kwenye cherehani yangu, nimezipima kwa futi, zinaishia katikati ya duka la kinyozi. Sasa nakata vitambaa humo humo, na suti ya mwalimu mkuu imetoka na nywele za watu saba.

2. Mtaalamu wenu huja kila asubuhi na daftari kuandika kima amelalaje. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa, sijaulizwa nimelalaje. Nilipomlalamikia mume wangu, akaniuliza kima ameamkaje.

3. Gauni la bibi harusi limo ndani, lina mkono mmoja tu. Harusi ni Jumamosi.

4. Hili ndilo kubwa. Tangu mitumba iingie, mafundi cherehani mji huu tumebaki wawili, mimi na dada yangu, naye halioni tena tundu la sindano. Watoto wetu wote wamekataa kazi hii. Wao kima ni thelathini na mmoja! Hebu niambie, kamba ilistahili kumzunguka nani?

Basi naomba umwondoe kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, niandikishe mimi kwenye orodha yenu, niwekewe bango, askari wawili, na mtaalamu wa kuniuliza nimelalaje.

Wasalimie askari wote, hasa yule aliyejikwaa kwenye kamba yake mwenyewe. Kinyozi anakusalimu. Mume wangu anamsalimu kima.

Mimi mwenye kero,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Nikitafuta bahasha nimeivuka kamba yenu, nikachungulia dirishani. Amezaa! Katoto kamelala juu ya gauni la harusi, kadogo, kana masikio kama vifungo. Nimelia mpaka kinyozi akadhani nimefiwa. Bibi harusi ataazima gauni la shangazi yake, nimeshazungumza naye. Na mtu yeyote atakayekuja kuwahamisha, hata akiwa na barua yenye saini yangu, atanikuta mlangoni na mkasi.