Ya Juu Yalitangulia

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Lushoto.
Miaka sitini na miwili tangu nishushwe kutoka Mtae, kijiji chetu cha mlimani, mgongoni mwa mama, nikiwa na miezi saba. Kosa langu: meno ya juu yalitangulia kuota. Kigego! Wazee walisema mtoto wa namna hiyo humaliza nyumba; atupwe gengeni, kule kwenye maporomoko. Mama akanikimbizia misheni, akarudi peke yake. Leo barua ya dada yangu Salma: kijiji cha ujamaa kinapangwa, ukoo umeniwekea kiwanja karibu na kaburi la mama, nije Jumapili. Ila lazima shangazi Hadija akubali. Ana miaka tisini na kitu, na ndiye aliyeyaona meno yale. Nimejitazama kiooni. Ya chini yaliisha zamani. Juu yamebaki matano. Ushahidi mtupu! Nimepata hila: niende bila hata moja. Atanyooshea nini kidole?

Jumanne, 6 Agosti.
Hospitali. Mganga wa meno, kijana Salimu, akaniamkia, akagonga jino moja moja. Moja limeoza, ling'olewe. Moja lina tundu, litazibwa. Matatu mazima, yanataka mswaki tu, asubuhi na kabla ya kulala. Nikamwambia yote yanauma. Yapi hasa? Nikayaonyesha kwa zamu, kama mwalimu anayeita majina. Akauliza kama napiga mswaki. Nikasema kila siku. Akacheka kwa adabu. Kang'oa moja tu! Nikaliomba, nikalifunga kwenye leso.

Jumatano, 7 Agosti.
Leso niliiacha mezani. Asubuhi iko dirishani, fundo limefunguliwa, jino limeelekea Mtae. Marta, jirani anayenifagilia, asema ni panya. Panya gani anafungua fundo? Nimesukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, kama nilivyoagizwa. Kisha pengo likaanza kupiga mluzi. Si mluzi tu: wimbo. Marta akaacha ufagio. Akauliza nimejifunzia wapi wimbo wa kubembelezea watoto wa Mtae. Bibi yake aliuimba. Mimi sijui wimbo wowote wa Mtae.

Alhamisi, 8 Agosti.
Nimeyalegeza manne yaliyobaki kwa koleo. Machozi! Nikarudi hospitali na kofia ya sufi, miwani ya kuazima na jina la Mzee Tobia. Salimu akachungulia kinywani. "Shikamoo tena, Mzee Timotheo. Kofia haifiki huku ndani." Akayang'oa huku akinigombeza. Fizi zipone kwanza, miezi kadhaa, kisha nitengenezewe meno ya bandia, juu na chini pamoja. Akanionyesha mfano: ya juu tu, ya mzee aliyefariki kabla ya kuyachukua. Ya chini hayajafika kutoka Tanga. Alipotoka kufuata pamba, nikayatia mfukoni. Niende kwetu nikiongea kama mtoto mchanga? Ya marehemu si ushahidi dhidi yangu. Nyumbani nikayaweka kwenye bakuli la maji baridi mpaka jioni. Nilipoyavaa yalikuwa na joto. Yakakaa kama niliyopimiwa.

Jumapili, 11 Agosti.
Mtae. Ukungu mpaka mlangoni. Shangazi Hadija haoni tena. Nikamwamkia kwa sauti safi, kila herufi mahali pake. Marahaba mwanangu, akasema, sogea. Akanitia kidole kinywani, kama apimwavyo mtoto. Akapapasa juu: meno. Akapapasa chini: fizi tupu. Kidole kikasimama. Akaanza kuimba polepole. Ulikuwa wimbo ule ule wa pengo langu. Halafu akasema, bila ukali wowote: "Ya juu yametangulia tena." Wanawake wakabeba watoto wao, wakatoka. Nikayachomoa haraka, nikaapa ni ya kuazima, ya marehemu. Ikawa mbaya zaidi. Salma akalia, akasema kiwanja atapewa mwingine. Hakuna aliyenitupa. Wakanipa ndizi za kuponda, wakanisindikiza mpaka kwenye basi, wakasimama pale mpaka likaondoka.

Jumatatu, 12 Agosti.
Nimerudisha meno ya marehemu. Salimu kafoka mpaka wagonjwa wakachungulia. Akaniuliza, mzee wangu, umejifunza kitu? Nikasema sana: kosa ni la fundi aliyeanza na ya juu. Nimeagiza yangu, na ya chini yatangulie. Marta akauliza ni ya nini sasa. Nikajaza maji ya chumvi mdomoni ili nisimjibu. Nilipoyatema, mluzi wa wimbo ule ukaanza tena wenyewe.
Sitarudi Mtae.