Ofisi Imefungwa, Sisi Wote Tumo Ndani

Leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika kwa picha na kwa sauti, mbele ya mkubwa wangu na mgeni wa Ulaya, tena nikiwa nimefunga tai.

Wengi wenu munajua ofisi yetu hapa Baraka, ile ndogo inayochora ramani na kuandika ripoti kwa wale wanaojenga shule na mabomba ya maji. Tuko watatu: Mama Byaombe wa hesabu, anayeishi kule juu Fizi, Alimasi wa ramani, na mimi Wilondja, wa ripoti. Sentineli wetu, mlinzi wa mlango, ni Papa Etongo, muntu mwaminifu kupita kiasi. Mkubwa tunamwita DG. Yeye anakaa Lubumbashi.

Basi DG alikwenda semina ng'ambo, akarudi na neno: kaboni. Akatuambia ofisi yetu inaharibu hewa ya dunia. Gari la kutuleta asubuhi, moshi. Karatasi, moshi. Kukaa pamoja, sijui, nako moshi. Kwa hiyo ofisi ifungwe, kila muntu atumike kwake kwa mtandao. "Tutakuwa ofisi safi kushinda zote mu Kongo!" Tukapiga makofi. (Mimi nilipiga kwa nguvu kushinda wenzangu, ndiyo sababu akanifanya musemaji wa mazingira. Muwe waangalifu na makofi.)

Sasa sikieni. Paa la ofisi ile limejaa paneli za jua. Umeme asubuhi hadi jioni, bila moshi hata wa sigara. Nyumbani kwangu umeme hakuna. Kwa Alimasi hakuna. Kwa Mama Byaombe musiulize. Tukaacha jua liangaze ofisi tupu na mijusi yake, sisi tukaenda kutafuta mafuta ya groupe, yaani jenereta. Kila muntu na groupe yake, inanguruma uani kama mugonjwa wa kifua. Batoto bakaanza kukohoa. Mke wangu akaniuliza:

"Baba Riziki, kupunguza moshi njo kunafanana hivi?"

"Mama, hii ni digitali."

Akaanua nguo zake kwenye kamba, akaziingiza ndani.

Leo ilikuwa siku kubwa. DG alipata mgeni, mama mmoja wa Ulaya ambaye shirika lake linatafuta ofisi ya mfano. Alikaa Uvira zamani, Kiswahili anakijua vizuri (ole wangu). Akitupenda, kazi ya ramani kuanzia Makobola mpaka Lusenda inakuja kwetu. Asipotupenda, ofisi inafungwa ile ya kweli kweli, na sisi tunakwenda kulima. Mimi ndiye nilipangwa kumweleza kwa video uzuri wa kufanya kazi nyumbani.

Asubuhi groupe ikagoma. Nikavuta kamba, nikavuta, nikavuta. Ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Nikafikiri: ofisini umeme uko, mtandao uko, bantu habako. Akili hiyo! Nikabeba kompyuta, nikachukua kitenge cha mke wangu, nikapanda pikipiki.

"Papa Etongo, nifungulie. Lakini usiambie muntu hata mumoja kama niko hapa."

Mzee akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja!"

"Sawa, chef. Lakini usiingie mu bureau yako. Ingia mu depo."

(Muntu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilisema asante.)

Mu depo njo tulifungia karatasi zote zilizopigwa marufuku, maboksi mpaka dari. Nikatundika kitenge mbele yake, kikafunika vizuri. Ukinitazama, unaona sebule ya muntu wa heshima. Nikawasha video. DG akatokea, nyuma yake msitu wa kijani, ile picha ya kubandika. Mgeni akatokea, anatabasamu. Mama Byaombe akatokea: "Mi niko huku Fizi, baridi iko kidogo." Alimasi akaja bila picha: "Niko ku nyumba, nanong'ona juu batoto banalala."

Nikakohoa kidogo kama waziri, nikaanza.

"Mama mgeni, tangu tuache ofisi, hewa imekuwa safi. Hapa nyumbani kwangu ni kimya. Nasikia ndege tu."

Ndege tu. Ndege tu. Ndege tu. Kila neno likitoka linarudi!

DG akakunja uso. "Wilondja, juu ya nini nakusikia mara tatu?"

"Ni network ya Baraka, DG. Sauti inaenda inapiga mu milima ya Fizi, inarudi."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu ninaolia ugali.)

Mama Byaombe, ambaye ndiye alidai yuko mu milima hiyo, akaitikia kwa kichwa. Nikapata nguvu. Nikaendelea na habari ya karatasi, jinsi tulivyozisahau kabisa, hata harufu yake hatuikumbuki.

Hapo Alimasi akapiga chafya.

Mimi nikaisikia ukutani kwanza: "Haatcha!" Halafu kompyuta nayo: "Haatcha!" Ndugu zangu, mama yangu alinilea vizuri. Sikufikiri. Nikageukia ukuta:

"Pole!"

Ukuta ukajibu: "Asante!"

Hata wale ndege wangu wa uongo walinyamaza.

Kisha ukuta wa upande wa pili ukaniita. "Wilondja? Ni weye iko hapo?" Sauti ya Mama Byaombe. Baada ya kidogo ikafika pia mu kompyuta, kutoka Fizi, na baridi yake.

Nikataka kuzima. Kiwiko kikakamata kitenge, kitenge kikashuka chote. Maboksi ya karatasi yakabaki wazi nyuma yangu kama mashahidi waliokuja bila kuitwa.

Mgeni akasogea karibu na kioo. "Aa! Kumbe nyumbani kwako munapenda sana kuandika."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka. Papa Etongo, birika mkononi, vikombe vitatu, uso umejaa mateso.

"Chef, munisamehe. Kila mumoja aliniomba nisimwambie mwenzake, na mi sikusema. Lakini chai ni ya birika moja. Nianzie kwa nani?"

Mgeni alicheka mpaka akatoa miwani. DG hakucheka.

"Munaniletea haya! Mi niko natulia hapa nyumbani Lubumbashi, sisafiri, sisumbui hewa ya dunia, nanyi..."

Mu ule msitu wake ikasikika sauti ya mwanamke kwa kipaza sauti: abiria waliobaki waende haraka kwenye ndege.

Mgeni akauliza pole pole: "DG, mu msitu wako kunapita ndege?"

"Ni televizyo."

Lakini alikuwa ameshasimama, na picha haikumfuata. Msitu ukapotea. Tukaona viti vya chuma, masanduku, na bantu bamepanga mstari na tiketi zao. Halafu DG akakatika.

Mgeni akapangusa macho, akatuuliza jambo moja tu: paneli za jua za ofisi bado zinafanya kazi? Tukajibu "Ndiyo!" wote watatu kwa pamoja, kila muntu kutoka chumba chake. Akasema ofisi ya namna hiyo lazima aje kuiona kwa macho yake. Atakuja kwa ndege, halafu kwa gari mbili.

Tukatoka tulikojificha. Alimasi, aliyetoka mu bureau yangu, hakunitazama. Mama Byaombe alinitazama sana. Tulikunywa chai tumesimama kwenye korido, ofisi imefungwa, sisi wote tumo ndani.

Ujumbe wa DG umefika sasa hivi, ameuandika akiwa amekaa mu ndege. Anasema amefikiri sana juu ya kosa la leo na amechukua hatua kali kwa ajili ya hewa ya dunia: kuanzia kesho sentineli asiwashe tena mbabula ya makala, lile jiko la mkaa analochemshia chai, maana inatoa moshi.

Municheke mimi, nimekubali. Ila muntu asimwambie Papa Etongo. Bado anaosha vikombe.