Malalamiko Kuhusu Makala Yenu ya Rangi ya Kucha Isiyoacha Mabaka

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Akina Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote hapo gazetini. Sisi huku Margilan, mji wa hariri, hatuumwi, ila amani hatuna, na aliyetuondolea amani ni wewe.

Mimi ni Sobirjon Mirzakarimov, mstaafu wa reli. Mke wangu, Zulaiho, alifanya kazi kiwanda cha hariri tangu usichana wake, akivuta nyuzi kutoka kwenye vifuko vya viwavi vinavyochemshwa. Kazi hiyo ni kutumbukiza vidole kwenye maji ya moto kutwa kucha. Kucha zake zikawa manjano, zina matuta kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mlevi. Akipaka rangi nyembamba, inatoka mabaka. Akipaka nzito, inavimba na kubanduka kabla hajamaliza kuosha vyombo. Basi akaacha, na penye watu akawa anaficha vidole ndani ya mikono ya gauni. Tuliishi vizuri.

Ndipo mkachapisha makala yenu, “Rangi Ikolee Nyumbani Kwako”. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siki. Mmeandika kwamba kucha ifutwe kwanza kwa siki ili mafuta yatoke na rangi ishike. Siki ya nyumbani kwangu ni ya kumwagia vitunguu vya mishikaki. Sasa nakula vitunguu vikavu, na nikiuliza naambiwa, “Baba wee, vitunguu vyako vinakwenda harusini?”

2. Kungoja. Mmesema kwanza apake rangi nyeupe ya chini, kisha rangi yenyewe, nyembamba, tena nyembamba, tena nyembamba, na kila mara angoje ikauke. Mhariri, umewahi kuishi na mwanamke anayengoja ikauke? Hafungui mlango. Hashiki birika. Anakaa amenyoosha vidole juu ya meza kama anayeapishwa, anaamuru kwa kidevu. Siku ya kuoka mikate ilipofika, unga ulikuwa umeumuka na rangi haijakauka. Nikaibandika mikate kwenye kuta za tanuri mwenyewe, nikaunguza vinyweleo vya mkono hadi kiwikoni. Jirani yetu Mavluda alichungulia juu ya ukuta, akapaza sauti mtaa mzima usikie: “Zulaiho, hongera! Kumbe umepata mkazamwana! Ila huyu ana masharubu!”

3. Maambukizi. Mavluda huyohuyo, baada ya kucheka, aliomba kuona. Naye alifanya kazi kiwanda hichohicho. Akazitazama kucha za mke wangu, kisha akazitazama zake. Kesho yake akaja na chupa yake, na nyuma yake wakaja wengine wa kiwandani, wote na vidole vilevile. Wakajaza kile kitanda cha uani ninachonywea chai. Wakasuguana matuta kwa tupa ndogo, wakaviringisha chupa viganjani badala ya kuzitikisa, kama mlivyoagiza, eti zisiingie mapovu. Walicheka mpaka njiwa wa jirani wakahama paa. Waume zao tukakutana kwenye mgahawa wa chai, kila mmoja na njaa yake. Nuriddin, ambaye hajawahi kuchemsha hata yai, aliniuliza kwa unyonge, “Ndugu yangu, mchele unatangulia au maji?”

4. Hili ndilo zito, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Tulikwenda harusi ya binti wa shemeji yangu. Shangazi wa bwana harusi, mama wa Tashkent mwenye pete kila kidole, alimshika mke wangu mkono alipokuwa akimmiminia chai. Nikajua tumeumbuka. Akasema, “Dada, saluni gani hii? Nipeleke!” Mke wangu akajibu, “Nimepaka nyumbani,” akacheka bila kuziba mdomo. Kisha doira, dufu letu kubwa, ikalia, na wewe unajua ngoma zetu zinachezwa kwa mikono. Zulaiho akainuka. Akaipandisha mikono juu ya kichwa, akavifungua vidole kimoja kimoja, vyekundu kama cheri, na watu wakampisha.

Mhariri, tangu tuoane nimewaambia watu kwamba mke wangu hapendi kucheza ngoma. Nimewaambia wakwe, majirani na mkuu wa stesheni. Sasa ukoo mzima umenigeukia: “Si ulisema hapendi?” Makala yenu imenifanya mwongo mbele ya jamaa zangu, nami sikuwa nasema uongo. Nilikuwa sijui. Nilisimama pale na sahani ya pilau mpaka ikapoa, na tangu siku hiyo nikimwangalia nasita, kama mtu aliyepanga nyumba miaka mingi ndipo akaonyeshwa kwamba ina chumba kingine. Usumbufu huu kwa mtu wa umri wangu si wa haki.

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba rangi ipakwe mara moja, nzito, bila siki wala kungoja, na kwamba mabaka ndiyo yanayopendeza. Wenye nyumba zao watapata chakula kwa wakati.

Wasalimie wapiga chapa, mpiga picha wenu, na mama yako mzazi kama yu hai. Mavluda anakusalimu pia, ingawa sikumwomba.

Wako katika manung’uniko,
Sobirjon Mirzakarimov

N.B. Makala haikueleza mtu apakeje mkono wa kulia ikiwa ndio huohuo anaoshikia brashi. Nyumbani kwetu mkono wa kulia naupaka mimi. Vidole vinne natoka salama, lakini kwenye gumba brashi inaniachia mstari katikati, naye anasema, “Si kitu, mume wangu,” nami naona kwamba ni kitu. Nianzie kati au pembeni? Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa, kuna harusi nyingine. Masahihisho yanaweza kungoja.